Kabla Hujashusha Saruji Kando ya Kijito

Unataka kuweka kalavati ili gari lifike mlangoni. Au ukingo wa mto unamegwa kila masika, sasa maji yanakaribia jiko, nawe umeamua kupanga mawe. Au una robo eka ya mchicha na nyanya ng'ambo ya korongo na unafikiria banio la mawe na mfereji mfupi. Fundi ameshakuambia ni kazi ya siku tatu. Mawe yapo, mchanga uko palepale mtoni, mifuko kumi ya saruji inatosha. Wengi wakifika hapo huanza kazi Jumamosi inayofuata, na kibali hukikumbuka pale afisa anapokuja na barua ya kusimamisha ujenzi, au jirani wa chini anapokwenda kulalamika kwa mtendaji.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, na ni wa kazi ndogo za aina hiyo. Mabwawa makubwa, madaraja ya barabara kuu na skimu za umwagiliaji zina taratibu zake, na wanaozijenga wana wahandisi wa kuwaongoza. Mwenye kalavati moja hana mhandisi, na ndiye ninayemwandikia.

Tuanze na umiliki, maana hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Hata kama kijito kinakatiza katikati ya kiwanja chenye hati yako, maji yale si yako. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma, yako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Usimamizi wake umegawanywa kwa mabonde tisa, kila bonde na bodi yake, na mipaka ya mabonde haifuati mipaka ya mikoa wala wilaya. Inafuata maji yanakoelekea. Mkulima wa Bigwa, Morogoro mjini, yuko Bonde la Wami/Ruvu, ambalo ofisi yake iko hapohapo Morogoro. Mwenzake wa Ifakara yuko mkoa uleule, lakini maji yake ni ya Bonde la Rufiji, lenye makao Iringa. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mtendaji wako si "fomu iko wapi?" bali "sisi tuko bonde gani?" Ukikosea hapo utazunguka ofisi ambazo haziwezi kukusaidia.

Sheria ya pili ya kuijua kabla hujatoa hata shilingi ni ya mazingira. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa chanzo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bahari au bwawa. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Shika utepe, pima, kisha jiulize kwa ukweli unachotaka kukifanya ni nini. Chumba cha kupangisha, banda la nguruwe, choo cha shimo au gereji ndani ya mita hizo ni maombi ya kukataliwa, na hakuna uzuri wa barua utakaoyaokoa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi hiyohiyo ya mita 60 miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Ila kivuko, kinga ya ukingo, bomba la kuvuka na banio haviwezi kujengwa mahali pengine popote ila mtoni, na ndiyo maana vinaombewa idhini. Usichanganye mambo hayo mawili. Nimesikia watu wakikata tamaa wakidhani mita 60 zinafunga kila kitu, na wengine wakidhani kibali cha kivuko kimewafungulia kujenga kibanda pembeni yake.

Sasa, nani anatoa nini? Ukichukua maji, ukiyachepusha, ukiyakinga au ukiyahifadhi, iwe kwa banio, kwa pampu au kwa bwawa la samaki, unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuombewi kibali, wala kukinga maji ya mvua kutoka batini kwako. Ukirudisha majitaka mtoni, hicho ni kibali kingine, cha kutiririsha majitaka, na usikiingize kwa siri ndani ya kile cha kwanza. Kazi isiyochukua maji ila inagusa ukingo au sakafu ya mto nayo ianzie bodi ya bonde, ikiambatana na afisa mazingira wa halmashauri yako, ambaye ndiye atakayekuambia kama inapaswa kusajiliwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira, zilivyorekebishwa mwaka 2018, zinaipanga miradi katika madaraja ya A, B1, B2 na maalumu. Kazi nyingi za kaya moja hazifiki daraja la kudai tathmini kamili, lakini uamuzi huo si wako wala wa fundi.

Kuna wengine wa kuwakumbuka. Kalavati yako ikigusa mtaro wa barabara ya mtaa au ya kijiji, TARURA lazima wahusike. Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, ni TANROADS. Kama kijito kinatoka ndani ya hifadhi ya msitu, kama vile vijito vya Uluguru juu ya Morogoro, na kazi yako iko ndani ya mpaka wa hifadhi, utawaona TFS, wakala wa misitu, kwanza. Na mchanga wa mtoni, ukiuchimba kuuza, ni madini ya ujenzi yanayohitaji leseni ya Tume ya Madini. Kibali cha kurekebisha ukingo hakikupi ruhusa ya kuegesha lori na kupakia mchanga.

Haya yote ni ya kuulizia kwa siku moja au mbili. Kazi yenyewe ya maombi iko mtoni, na hapo ndipo ninapotaka ukae muda mrefu.

Nenda na utepe, kamba, kalamu na simu yenye kamera. Tafuta alama za maji ya masika: majani makavu na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye shina la mkuyu, mizizi iliyooshwa ikabaki wazi. Pima kutoka chini ya kijito hadi alama hiyo. Pima upana ukingo hadi ukingo, mahali unapotaka kujenga na pia hatua ishirini juu na hatua ishirini chini. Piga picha ukiwa umesimamisha fimbo uliyoichora alama za nusu mita, ili anayeitazama ofisini ajue ukubwa wa kile anachokiona.

Kisha nenda kwa mtu aliyekaa pale kabla yako. "Shikamoo mzee. Tangu umehamia hapa, mwaka maji yalipozidi kabisa yalifika wapi?" Usiridhike na jibu la mdomo. Muombe akuoneshe kwa mkono, kwenye ukuta au kwenye mti, uweke alama ya chaki, upime. Alama hiyo moja inaweza kubadilisha mchoro mzima wa fundi.

Mfano wake ni huu. Kijito kina upana wa mita 3, na alama ya masika iko mita 1 kutoka chini. Maji ya masika basi yanatumia njia ya kama mita za mraba 3. Fundi anapendekeza bomba moja la sentimita 90, kwa kuwa ndilo lililopo dukani. Tundu la bomba hilo ni mita ya mraba 0.64. Umebakiza kama moja ya tano ya njia ya maji, na pande zote umeziba kwa kifusi. La sentimita 60, ambalo ndilo rahisi kwa bei, lina 0.28 tu, na kwa mteremko uleule bomba la 90 hupitisha karibu mara tatu ya lile la 60, kwa sababu maji kwenye bomba jembamba husuguana zaidi na kuta. Hesabu hiyo ni ya bomba safi. Siku ya mvua kubwa mto haushuki na maji matupu. Unashuka na magogo, vigogo vya migomba na magodoro. Kikinasa kimoja mdomoni, maji yanapanda kwa jirani wa juu, kisha yanapita juu ya kifusi chako, yanakibeba, na kukishusha kwa jirani wa chini.

Kwa njia ya watembea kwa miguu na pikipiki, mimi ningechagua daraja dogo lenye nguzo nje ya njia ya maji. Kwa gari linalopita mara chache, kivuko cha chini kinachoruhusu maji ya masika kupita juu yake, ambacho mafundi wa barabara hukiita drifti, mara nyingi ni salama kuliko mabomba, na ni rahisi kukitetea mbele ya afisa wa bonde.

Kama ombi lako ni la kuchukua maji, pima pia mtiririko, na upime mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, si Aprili mto ukiwa umejaa. Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10. Tupa chungwa, hesabu sekunde hadi lifike mwisho, rudia mara kadhaa uchukue wastani. Tuseme ni sekunde 20: kasi ni nusu mita kwa sekunde. Kama upana wa maji ni mita 1.5 na kina cha wastani sentimita 20, zidisha vyote unapata mita za ujazo 0.15 kwa sekunde. Punguza moja ya tano, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unabaki na 0.12, yaani lita 120 kwa sekunde. Robo eka ya mboga katika siku ya jua kali hunywa kama lita 5,000 kwa siku, na mfereji wa udongo utapoteza maji mengi kabla hayajafika. Andika unachohitaji hasa, pamoja na saa utakazofungulia. Sheria inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha yale yanayopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya mto wenyewe, ndipo zinafuata bustani zetu. Mwombaji anayeonesha kwamba amelihesabu hilo anapunguza maswali mengi.

Sasa andika barua. Maombi mengi husomeka hivi: "Naomba kibali cha kujenga daraja kwenye kijito kilichopo kiwanjani kwangu. Natumaini ombi langu litakubaliwa." Afisa hana la kuamua hapo. Ataiweka kando mpaka apate gari na mafuta ya kuja kuona mwenyewe, na huenda vikapita miezi. Linganisha na hii:

"YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUJENGA KIVUKO CHA MIGUU NA PIKIPIKI. Kivuko kitakuwa na upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 6. Kijito kina upana wa mita 3 ukingo hadi ukingo. Alama za maji ya masika ziko mita 1 kutoka chini ya kijito. Kwa maelezo ya wakazi wa muda mrefu, mafuriko makubwa yalifika mita 1.3. Sehemu ya chini ya kivuko itakuwa mita 1.8. Hakuna nguzo itakayosimama ndani ya njia ya maji. Kazi itafanyika mwezi Julai kwa siku 10. Zege litachanganywa mita 30 kutoka ukingoni. Chini ya eneo la kazi kuna kaya nne zinazochota maji, ya kwanza ikiwa umbali wa mita 150. Nimezungumza nazo zote. Majina na saini zao vimeambatishwa, pamoja na mchoro, picha na koordineti za eneo."

Barua hiyo haina maneno makubwa, na mchoro wake unaweza kuchorwa kwa rula kwenye karatasi ya daftari, mradi vipimo viandikwe: mto ukitazamwa kutoka juu, na mto ukikatwa ubavuni pamoja na mstari wa maji ya kiangazi na wa maji ya masika. Kwa banio au bwawa bodi inaweza kudai mchoro wa mtaalamu. Uliza mapema kabla hujamlipa mtu. Koordineti utazipata kwenye simu yako ukiwa umesimama palepale.

Zile saini za majirani usizichukulie kama mapambo. Anza nao kabla hujapeleka barua ofisi yoyote. Maombi ya kutumia maji hutangazwa ili wanaoguswa waweke pingamizi, na pingamizi nyingi hazitokani na ubaya wa kazi. Zinatokana na mtu kuliona tangazo kabla hujamwambia. Kama kuna Jumuiya ya Watumia Maji kwenye mto wako, hudhuria kikao chao ueleze mwenyewe. Wao ndio wanaojua zamu za maji, na bodi ya bonde huwasikiliza. Kutoka hapo peleka barua kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, uombe ombi lijadiliwe kwenye kikao, na uondoke na muhtasari wenye muhuri. Ukiwa na muhtasari, uthibitisho wa umiliki wa eneo (hati, ofa au barua ya serikali ya kijiji), kitambulisho, mchoro na picha, ndipo uende ofisi ya bonde kujaza fomu yenyewe. Beba nakala mbili za kila kitu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukirudi kuulizia baada ya wiki kadhaa, tarehe hiyo ndiyo itakayofanya faili litafutwe.

Ada zipo, na hutofautiana kulingana na aina ya kibali na kiasi cha maji. Lipa kwa namba ya malipo ya Serikali tu, benki au kwa simu, na uhifadhi stakabadhi. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi, hata akikuambia ni nauli ya kuja kukagua. Kama ofisi haina usafiri, ikuambie hivyo kwa maandishi.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe, na fundi awepo. Piga vigingi mapema kuonesha nguzo zitakapokaa, ili wakaguzi wasibuni. Wakishauri usogeze kazi mita tano juu, wasikilize. Mara nyingi wameona kona ambayo maji yataigonga.

Hesabu muda kutoka mwisho kurudi nyuma. Kwenye maeneo ya masika na vuli, dirisha la kufanya kazi mtoni ni Juni hadi Septemba. Kwa hiyo maombi yawe mezani Januari au Februari, na vipimo vya kiangazi uwe umevichukua mwaka uliotangulia. Anayeomba Agosti kwa kazi ya Septemba anajitengenezea kishawishi cha kuanza bila karatasi.

Kibali kikitoka, kisome chote na ukisome pamoja na fundi, kwa sababu masharti yako humo: kiasi cha maji, miezi ya kazi, mahali pa kuweka udongo uliochimbwa, ada ya kila mwaka kama ni cha kutumia maji, na haki ya bodi kupunguza matumizi yako wakati wa ukame. Mambo mawili ya eneo la kazi nayasisitiza. Zege bichi likigusana na maji huyageuza kuwa makali kiasi cha kuua samaki na viluwiluwi; kinga upande mmoja wa kijito kwa magunia ya mchanga, jenga pakavu, subiri zege likauke, ndipo uhamie upande wa pili. Na tope: kijito cha Bigwa kinaingia Mto Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayopeleka maji Dar es Salaam. Udongo uliochimbwa uweke mbali na ukingo, si mdomoni mwa mto ukisubiri mvua iuchukue. Kama kazi ni ya kulinda ukingo, ongeza mimea kwenye ombi lako. Mawe peke yake huhamishia nguvu za maji kwa ukingo wa mbele yake, wakati vetiva, matete na mianzi hushika udongo na kuyapunguza maji kasi. Mikuyu na mizambarau ni rafiki wa mto. Mikaratusi usiilete karibu.

Ikitokea masika yamekukuta na ukingo unaanguka usiku huu, usingoje fomu ndipo uokoe watu. Hamisha watu na vitu, weka magunia ya mchanga ukingoni bila kuziba njia ya maji, piga picha kabla na baada, na asubuhi hiyohiyo mjulishe mtendaji na ofisi ya bonde kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, ukisema umeweka nini na wapi. Magunia ni ya muda. Maji yakishuka yaondoe, maana yakioza mchanga wote utaingia mtoni, na uanze maombi ya kinga ya kudumu ukiwa tayari na picha za mafuriko yenyewe zenye tarehe.